Waya wa lehemu niliouziwa mjini, na maneno niliyorudishiwa

Naandika hasira ikiwa bado moto, kwa sababu nikingoja ipoe nitasema "yashapita" kama tunavyosema siku zote, na mwengine ataingia duka lile lile.

Mie ni fundi wa bodi, Chake Chake. Kazi yangu ni vitu vidogo vidogo: simu, redio za mawasiliano, chaja za sola. Kusi lilipoanza hivi nilivuka kwenda Unguja kununua pasi mpya ya kulehemu na waya wake. Pasi sina ugomvi nayo. Inashika moto haraka, nyepesi mkononi, na hata umeme ukicheza inarudi kwenye joto lake. Ningeandika wiki ile ile ningewasifu.

Waya ndio ulioniumiza. Ubavuni umeandikwa bati 63, risasi 37, yaani asilimia ya madini hayo mawili. Mchanganyiko huo hauna ujiuji: ukifika nyuzi 183 unatoka ugumu unakuwa maji papo hapo, na ukipoa unang'ara. Ndiyo maana tunautaka kwa hizi kapasita ndogo, vile vipande vya bodi vinavyoweka chaji, ambazo juu ya punje moja ya mchele utazipanga tatu na nafasi ibaki. Hapo huna muda wa kubahatisha. Unapaka dawa ya kulehemu, ile inayosaidia waya ushike, unaweka tone upande mmoja, unaishika kapasita kwa kibano, unaliyeyusha tone tena huku unaisogeza ikae sawa, unaondoa pasi, kibano hukiachii mpaka tone ligande, ndipo unageukia upande wa pili. Sekunde mbili tatu kila upande, imekwisha.

Kazi ya kwanza kwa waya ule ilikuwa GPS ya mkononi ya nahodha mmoja wa Kojani. Maji ya chumvi yameingia, kapasita moja karibu na mlango wa chaji imeliwa na kutu ya kijani. Kazi ya nusu saa. Alikuwa anajitayarisha kwenda dago, kambi ya uvuvi mbali na kwao, yeye na watu wake, na ndani ya GPS hiyo ndimo alimohifadhi mahali pa miamba yake yote ya kuvulia, ya miaka na miaka.

Pasi nikaiweka nyuzi 350. Nikagusa. Waya haukuyeyuka, ulilainika tu kama nta juani, ukaning'inia kwenye ncha. Nikaongeza dawa, nikapandisha 380. Dawa ikaungua, moshi, tone likasimama na pembe yake, kijivu, lina chembechembe kama mchanga. Nikapandisha hadi 400, na hilo ni kosa langu, nalikubali. Nilipovuta pasi, kapasita ikaja nayo, na chini yake kile kisahani cha shaba kimeng'oka kwenye bodi, kimejikunja kama gamba la samaki. Nilikitazama chini ya lenzi nikahisi tumbo linakatika. Sikuwahi kung'oa kisahani cha mteja.

Kwanza nikaulaumu mkono wangu, nikailaumu ncha. Nikaisafisha, nikatafuta kwenye droo kipande cha waya wa zamani, kama shibri moja. Pasi ile ile, nyuzi 350. Ukatiririka, ukang'ara kama jicho la samaki aliyetoka kuvuliwa sasa hivi. Basi nikajua.

Nikapanda boti kuurudisha. Dukani mlikuwa na watu. Nikatoa salamu, nikaeleza kwa adabu. Muuzaji hata waya hakuutazama. "Huu ni ule usio na risasi, unataka moto mkali." Nikamwonesha maandishi: risasi 37. Nikamwambia hata huo usio na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 na kitu, kwa 350 ungekuwa maji. Akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Chake. Akapaza sauti: "Kwani Pemba nako kuna mafundi wa bodi? Rudi ukachume karafuu, sheikh." Watu wakacheka.

Nimechuma karafuu mie. Mama yangu kazichambua mpaka vidole vikawa vyeusi, na ndizo zilizonipeleka skuli. Karafuu hazinitii haya hata chembe. Kilichonichoma ni kuchekwa nikiwa nimeshika ushahidi mkononi, vipande viwili, na pasi imo pale kabatini kwake, dakika mbili zingetosha. Kijana wake mmoja alisema pole pole, "Si tumpe ajaribu hapa hapa?" Akakaripiwa anyamaze. Kijana yule namshukuru.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeweka: pasi nunueni kwao, waya tafuteni kwengine. Nimefuta. Pasi ni nzuri, imo mezani kwangu hadi leo, lakini ikifa kesho utairudisha kwa nani? Kwa yule? Msinunue kwake hata kibano. Pengine naye kauziwa tu, roli zinakuja zimefungwa, hilo nimelifikiria sana. Lakini aliyeuziwa kibovu angetaka kujua. Yeye hakutaka.

GPS niliitengeneza. Nilikwangua njia ya shaba kwa wembe, nikaunganisha kwa uzi mwembamba kuliko unywele niliouchomoa kwenye spika mbovu, ikawaka. Ila nahodha alikuwa keshaondoka, kaenda dago kwa kukumbuka alama za minazi na vilima. Aliporudi alinilipa kamili, hakunilaumu hata neno.

Mkienda kununua waya, popote pale, ombeni pasi ichomekwe, yeyusheni tone moja mbele ya mwenye duka. Likivutika kama ubani uliotafunwa, ondokeni.

Pesa zangu sizitaki tena. Nataka aseme, mbele ya wale waliocheka, kwamba waya ulikuwa mbovu.