Zoezi la ala zinazokufa: chumba cha kuigiza urushaji wa ndege, Ngamiani, Tanga

Katika moja ya barabara za Ngamiani jijini Tanga, juu ya duka la vifaa vya umeme, kipo chumba ambacho mtu hulipa shilingi 10,000 kwa saa, akaketi mbele ya skrini tatu, usukani na pedali, kisha akairusha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, iliyomo kwenye programu ya X-Plane. Wengi huja kujaribu kutua. Mimi nakisifu kwa zoezi la hitilafu, ambalo kijana msimamizi hulitoa kwa anayeliomba tu, na ambalo ndilo hasa linalostahili bei hiyo.

Programu hiyo inaruhusu ala, yaani vipimo vilivyo mbele ya rubani, kuuawa mojamoja pasipo rubani kuambiwa. Kijana huyu huijaza mawingu njia ya kuelekea Pemba, humkatia mteja otopailoti, yaani mtambo unaoirusha ndege wenyewe, na anapokwisha kuzoea kuishika ndege kwa mkono, huizima pampu ya hewa inayozungusha jairo, gurudumu la ndani linaloiongoza ala ya upeo. Hakuna king'ora kinacholia. Ala hiyo, inayoonesha kama ndege imelala au iko sawa, huanza kulala upande mmoja, polepole mno, na mkono hujikuta ukiufuata uongo huo. Hapo ndipo inapobidi kuitazama ala ya kugeuza, inayoonesha kama ndege inapinda, ambayo huendeshwa kwa umeme na kwa hiyo bado inasema kweli, kuilinganisha na dira, halafu kuamua nani asiaminiwe. Msimamizi hukupa kipande cha manila na gundi ya karatasi uifunike ala iliyokufa, kama wafanyavyo marubani wenyewe, kwa kuwa jicho halina adabu: litarudi kuitazama.

Zoezi la pili ni la mrija wa Pitot, unaopokea hewa ya mbele ili kupima mwendo wa ndege, kuziba pamoja na kitundu chake cha kutolea maji. Kadiri ndege inavyopanda, kipima mwendo nacho huonesha mwendo ukiongezeka, na asiyejua huinua pua ili aupunguze, ilhali mwendo halisi unakwisha na mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Kijana hulieleza hili kwa ajali ya Air France 447 ya tarehe 1 Juni 2009, kati ya Rio de Janeiro na Paris, ambamo chembe za barafu ziliziba mirija hiyo, otopailoti ikajitoa, na watu wote 228 wakapoteza maisha. Kule mwendo ulioneshwa kuwa mdogo, si mkubwa, lakini pua iliinuliwa vilevile. Tiba anayoifundisha ni ile ile ya vyuoni: weka pua na nguvu ya injini katika kiwango unachokijua, tulia, kisha ndipo utafute kilichoharibika.

Kasoro zipo. Kiti hakitikisiki, hivyo sikio la ndani, ambalo ndilo huwapoteza marubani mawinguni, halidanganywi hata kidogo. Usukani ni mwepesi kupita kiasi. Umeme ukikatika, muda uliopotea haufidiwi, jambo ambalo naliona si la haki. Wanafunzi wa urubani wafahamu pia kwamba saa za chumbani humu hazihesabiwi katika kuomba leseni.

Anayetaka zoezi hili aende jioni, watoto wakishaondoka, na alitaje kabla ya kulipa, la sivyo atapewa kutua tu.