Uzoefu wangu na mafunzo ya kuchora takwimu kwa vitendo, Kigoma mjini

Mafunzo haya nayapa nyota nne kati ya tano, na zote nne ni za mazoezi. Nimeshakaa kwenye semina za takwimu ambako mnatazama slaidi toka asubuhi, mnakunywa chai, mnasaini mahudhurio na kurudi nyumbani na kalamu mpya. Hapa kila siku ulipewa karatasi ya manila, rula, penseli na jedwali la namba. Unachora, kisha unampelekea mtu asiyehusika na darasa akwambie anaona nini. Ukianza kumfafanulia, zoezi limeharibika, rudi ukachore upya.

Mimi ni mtunza takwimu kwenye kituo cha afya. Maisha yangu ni vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya: wajawazito waliohudhuria, watoto waliopimwa, chanjo zilizotolewa. Mwisho wa mwezi tunajumlisha na ripoti inakwenda wilayani. Namba zinapanda juu, lakini kwa akina mama waliokaa kwenye benchi, au kwa mwenyekiti wa mtaa, hakishuki kitu. Hilo ndilo lililonifanya nijiandikishe. Darasani nilikutana na wafanyabiashara wa dagaa, mwalimu wa sekondari, afisa uvuvi na kijana anayechapa mabango. Tulikutana eneo la Mwanga hapa mjini, jioni na Jumamosi, na ada ililingana na nauli ya basi kwenda Dar na kurudi.

Zoezi la kwanza lilikuwa na namba nne tu, za sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,127,930 na Tabora 2,291,623. Mwaka 2022 Kigoma ikawa na 2,470,967 na Tabora 3,391,679. Tuliambiwa tuzichore kwa kila namna tunayoijua. Wengine walichora mihimili, wengine duara, na mwalimu wa sekondari akaunganisha nukta kwa mistari miwili. Ni ile mistari miwili iliyofanya darasa zima liinue kichwa. Mwaka 2012 mikoa hii ilikuwa karibu sawa. Miaka kumi baadaye Tabora imetangulia kwa watu zaidi ya 900,000. Tabora iliongezeka kwa asilimia 48, Kigoma kwa asilimia 16. Namba hizo nilikuwa nimezisoma zamani kwenye jedwali, na sikuwahi kuliona jambo hilo.

Kisha mkufunzi akatutaka tuchore mihimili ya mwaka 2012 peke yake, ila skeli ya pembeni tuianzie 2,000,000 badala ya sifuri. Tabora ikaonekana mara mbili ya Kigoma na zaidi, wakati tofauti halisi haifiki asilimia 8. Hatukubadilisha namba hata moja. Hapo nilielewa kwa nini mihimili sharti ianze sifuri: jicho linapima urefu wake wote, kwa hiyo ukikata mguu umedanganya. Mstari unaweza kuanzia juu, maana jicho linafuata mwinuko tu. Toka siku hiyo kila grafu ninayoiona gazetini naangalia kwanza chini inaanzia wapi.

Historia mkufunzi alituonjesha kidogo kidogo, akiifunga kwenye zoezi. William Playfair alichapisha grafu za mistari na mihimili mwaka 1786, na chati ya duara mwaka 1801. Nadharia yote ya jicho ikaja kwa kukata manila: vipande vya duara bila maandishi, tukadirie kila kimoja ni asilimia ngapi. Majibu ya darasa yalitawanyika vibaya. Namba zilezile zikawekwa kwenye mihimili iliyosimama mstari mmoja, na makadirio ya karibu kila mtu yakasogea kwenye jibu. Ndipo akatuambia kuwa mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill walipima jambo hilohilo kwa watu: tunasoma vizuri zaidi kitu kikiwa kwenye skeli moja, vibaya zaidi tukilazimika kupima pembe au eneo. Angeanza na majina hayo ningeyasahau. Alianza na macho yetu wenyewe.

Kwenye eneo kuna mtego ambao kijana wa mabango aliupenda sana. Ukitaka kuonyesha kuwa mavuno yameongezeka mara mbili, ukachora mgebuka mmoja mdogo na mwingine wenye urefu mara mbili, huyo mkubwa anajaza karatasi mara nne, kwa sababu upana nao umekua. Dawa yake ilibuniwa Vienna miaka ya 1920 na Otto Neurath na wenzake: usikuze alama, irudie. Samaki mmoja ni kiasi fulani, samaki wawili ni mara mbili yake. Mkewe, Marie Neurath, aliipeleka njia hiyo hadi Nigeria ya Magharibi miaka ya 1950 kwa ajili ya elimu ya afya na kilimo. Nimeichukua moja kwa moja kazini: mtoto mmoja aliyechorwa ukutani anasimama badala ya watoto kumi, na hakuna mama anayeniuliza asilimia ni nini.

Sasa nifike Kibirizi, mwalo wetu ambako mitumbwi ya dagaa inatia nanga, maana bila zoezi la Kibirizi nisingeandika haya yote.

Kila kundi lilikusanya takwimu zake. Letu lilichukua bei ya sado ya dagaa, tukiwauliza wauzaji wa palepale mwaloni siku baada ya siku. Tukachora mstari wetu, chini tarehe za mwezi, pembeni shilingi, kila kitu kwa rula. Mchoro ukapita darasani, ukasifiwa. Kisha tukaupeleka kwa mama mmoja mfanyabiashara ambaye ameuza dagaa tangu wengine wetu hatujaanza shule.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni.”

“Mama, tunaomba utuambie unaona nini kwenye mchoro huu.”

Akautazama, akaugeuza kidogo kuelekea mwanga. “Naona milima. Bei inapanda, inashuka. Sasa giza liko wapi hapa?”

Aliye wa huku ameshaelewa. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, dagaa wanaifuata taa na mitumbwi inarudi imejaa. Ikija mbalamwezi, mwanga wa taa unapotea ndani ya mwanga wa mwezi, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Biashara nzima ya Kibirizi inakwenda na mwezi wa angani, na sisi tulikuwa tumemwekea mama tarehe za kalenda ya ofisini. Milima yake ilikuwa mbalamwezi na mabonde yake yalikuwa giza, lakini karatasi yetu haikusema hivyo popote.

Tukarudi kuchora. Tarehe tukazipunguza ukubwa, na chini ya mstari tukapanga duara ndogo: nyeusi kwa usiku wa giza, nyeupe kwa mbalamwezi, nusu kwa nusu katikati. Safari ya pili mama hakuhitaji swali. Aliweka kidole kwenye duara nyeusi, akasema, “Hapa niliuza,” akasogeza kwenye nyeupe, “hapa nilikaa.” Mwenzake akaja kuchungulia, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kama inafaa kuweka akiba ya dagaa wakavu mapema ili kuuza mbalamwezi ikifika. Sisi tulikuwa tumesimama tu pembeni. Sijawahi kuona takwimu zangu za kituoni zikifanya watu wabishane hivyo, na tangu siku hiyo ndicho ninachokitafuta.

Mkufunzi aliongeza jambo moja juu ya mchoro huohuo ambalo sitaliacha. Ukichora mavuno ya mwaka mzima wa 2024, utapata shimo katikati, kwa sababu Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Anayetazama bila maelezo atadhani dagaa waliisha. Kwa hiyo maneno machache, “Ziwa limefungwa”, yaandikwe palepale kwenye shimo. Si chini ya ukurasa, si kwenye aya inayofuata.

Zoezi la ramani lilinigusa kwa sababu ya kazi yangu. Tulipewa ramani ya mitaa ya Soho, London, ya mwaka 1854, na orodha ya waliokufa kwa kipindupindu nyumba kwa nyumba, kama alivyoikusanya daktari John Snow. Tukaweka nukta moja moja. Nukta zikarundikana kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Raha ya zoezi ilikuwa kwenye sehemu zilizobaki tupu: kiwanda cha bia kilichokuwa karibu kabisa, na nyumba ya maskini yenye watu wengi, zote mbili karibu hazina vifo. Mkufunzi akatuacha tubishane mpaka mtu akauliza walikuwa wanakunywa maji ya wapi. Walikuwa na visima vyao. Pale ndipo hoja ya Snow inapokaa sawasawa, kuliko hata kwenye rundo lenyewe. Kishikio cha pampu kiliondolewa Septemba 8, 1854, na ramani ilitolewa baadaye, kuwashawishi waliokuwa bado wanaamini kuwa ugonjwa unaletwa na hewa chafu.

Kwa mtu wa Kigoma hiyo si hadithi ya mbali. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kipindupindu kikazuka, na MV Liemba ikatumika kuwatoa watu kwa maji kuwaleta mjini. Darasani walikuwepo waliokumbuka. Tukachora ramani ya mtaa mmoja wa hapa mjini, tukaweka bomba, visima na mahali watu wanapochota ziwani, ili siku ugonjwa ukija (Mungu apishe mbali) mtaa uwe na karatasi ya kuwekea nukta kuanzia mgonjwa wa kwanza.

Kuhusu rangi, mfano alioutumia mkufunzi ni kadi ya kliniki ya mtoto. Kijani, kijivu, nyekundu. Mama asiyejua kusoma anajua nukta ya mwanawe imeangukia wapi, na akiona mstari unashuka anashtuka kabla ya nesi kufungua mdomo. Nimeishika kadi ile miaka yote na sikuwahi kuitazama kama kazi ya usanifu. Zoezi lenyewe ni rahisi, na mtu yeyote anaweza kulifanya leo: peleka mchoro wako stesheneri, toa kopi nyeusi na nyeupe. Kama bado unasomeka, rangi zako zimepangwa vizuri. Kama vitu viwili vimekuwa kijivu kimoja, ongeza maandishi, mistari au vivuli tofauti. Wapo watu, wanaume hasa, wasiotofautisha nyekundu na kijani, na ofisi nyingi huku zinatoa kopi nyeusi na nyeupe tu.

Nyota niliyoipunguza inahusu kompyuta. Wiki za penseli zilikwenda kwa utulivu, halafu programu zote zikabanwa mwishoni. Datawrapper tuliielewa haraka: unabandika jedwali, unachagua aina ya chati, unapata kitu safi cha kutuma WhatsApp, na ni bure kwa kazi ndogo kama zetu. QGIS ya ramani inahitaji muda wake, na muda haukuwepo. Wenzangu kadhaa waliondoka nayo ikiwa kwenye kompyuta mpakato tu, haijaingia kichwani. Intaneti ya ukumbini ilisumbua, na vitini vyote vilikuwa vya Kiingereza, jambo lililowaumiza wafanyabiashara ambao ndio walikuwa na takwimu nzuri kuliko sisi wote. Mkufunzi alifafanua kwa Kiswahili fasaha, lakini mtu akifika nyumbani anabaki na karatasi asiyoielewa. Waandaaji wakisoma hapa, naomba hilo walishughulikie kwanza.

Faida niliyoipata kazini naweza kuionyesha kwa kidole. Ukutani kwetu kuna chati ya ufuatiliaji wa chanjo yenye mistari miwili inayopanda mwezi hadi mwezi: watoto waliopata Penta 1, dozi ya kwanza ya chanjo ya Penta inayotolewa wiki ya 6, na waliofikia Penta 3, dozi ya tatu, wiki ya 14. Nafasi kati ya mistari hiyo ni watoto walioanza na hawakumaliza. Kwa miaka nimeijaza kwa sababu mkaguzi anaiuliza. Sasa ile nafasi nimeipaka rangi, nimeandika ndani yake “Watoto hawa hawajarudi”, na chati nimeihamisha kutoka ofisini hadi kwenye ukuta wa benchi la kusubiria. Akina mama wanaisoma. Mmoja aliniuliza kama mtoto wa dada yake anaweza kuwa humo. Tukafungua rejista, akawemo, na wiki hiyohiyo akaletwa.

Ukitaka kujiunga, nenda na takwimu zako: daftari la mauzo, rejista ya shule, mahudhurio ya kikundi cha kuweka na kukopa. Waliokuja mikono mitupu walichorea namba za mkufunzi, na michoro yao ilibaki ukumbini. Nasikia kuna mpango wa awamu ya ramani peke yake. Ikifika, jina langu liandikwe mapema.