Moduli ya CAN ya MCP2515: nyota moja, nayo ni ya chipu

Hii ni bodi ndogo ya kuunganisha maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) na CAN, laini ya waya mbili ambayo vifaa hupelekeana ujumbe; MCP2515 ndiyo chipu inayosimamia ujumbe huo. Ningeipa sifuri kama ingewezekana. Haikuungua, haikukatika mguu, wala haikutoa moshi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kitu kibovu unakitupa unaendelea na kazi. Hiki ni kizima na kinakudanganya.

Uongo umekaa kwenye kile kipande cha chuma kinachong'aa kando ya chipu: kristali, inayoipa chipu mapigo ya saa yake. Juu yake pameandikwa 8.000 kwa maandishi ya kusomwa kwa tochi. Programu ya mfano aliyonitumia muuzaji imepangwa kwa kristali ya megahezi 16. Kwenye boksi hamna karatasi, na kwenye tangazo hamna neno. Matokeo yake, ukiiamuru iende kilobiti 500 kwa sekunde, inakwenda 250, na haisemi kitu.

Tena ina ujanja wa kupita kila mtihani. Iweke kwenye modi ya kujirudishia ujumbe yenyewe: inafaulu, kwa sababu anayetuma na anayepokea wanafuata saa ile ile mbovu. Chukua moduli mbili za aina hii uziunganishe: zinaongea vizuri kabisa, kwa kuwa zote zimechelewa sawasawa. Ukija kuunganisha kifaa kingine, kwangu kilikuwa kidhibiti cha mota kinachokwenda kilobiti 500 za kweli, kimya. Hakuna fremu, yaani ujumbe mmoja kamili, hata moja inayoingia.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu: "Ndugu mteja, hakikisha umeunganisha waya vizuri." Nikampelekea vipimo: umeme ukiwa umezimwa, omu 60 kati ya CANH na CANL (waya mbili za laini), yaani rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho wa laini. Umeme ukiwashwa na laini ikiwa imetulia, kila waya karibu volti 2.5. Ardhi za vifaa vyote viwili zimeunganishwa. Jibu la pili: "Ndugu mteja, jaribu kubadilisha waya." Waya! Mtu umempa omu 60 mkononi bado anakuambia waya!

Kwa aliyekwama hapo hapo, asibadilishe waya. Asome rejista, vile visanduku vya kumbukumbu ndani ya chipu. EFLG, ya bendera za makosa, iko anwani 0x2D, na hesabu ya makosa ya kutuma iko 0x1C. Kila utumaji ulioshindikana unaongeza 8. Hesabu ikipanda hadi 128 ikagota hapo, EFLG ikaonyesha 0x15, maana yake fremu inatoka salama ila hakuna anayekiri kuipokea: uko peke yako kwenye laini, au mwenzako yuko kwenye modi ya kusikiliza tu. Ikivuka 255, ile biti ya 0x20 ikawaka na chipu ikajitoa kwenye laini, kuna anayekuvurugia fremu katikati, na mshukiwa wa kwanza ni kasi zisizolingana. Yangu ilijitoa. Mwenye oskiloskopu, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, apime mpigo mfupi kuliko yote anaotuma: kwa kilobiti 500 unatakiwa uwe mikrosekunde 2. Wangu ulikuwa 4. Kesi ikafungwa.

Dawa ni mstari mmoja: iambie laibrari (programu saidizi ya chipu hii) kristali ni megahezi 8. Kama laibrari yako haina nafasi hiyo, andika mwenyewe rejista za kasi: CNF1 = 0x00, CNF2 = 0x90, CNF3 = 0x02, chipu ikiwa kwenye modi ya kusanidi, maana nje ya hapo rejista hizo haziandikiki. Hiyo ni kilobiti 500 kwa kristali ya 8. Na kabla ya kuigusa laini yenye vifaa vinavyofanya kazi, anza na modi ya kusikiliza tu (rejista ya modi, CANCTRL, iwe 0x60). Kifaa chenye kasi mbovu hakikai kimya kwenye laini ya watu. Kinarusha fremu za makosa na kuharibu mazungumzo ya wote.

Sasa niseme haki. Baada ya kurekebisha mstari huo, moduli imefanya kazi siku nyingi bila kudondosha fremu. MCP2515 yenyewe haina kosa lolote, na jampa (kiungo kidogo cha kuchomeka) ya rezista ya omu 120 iko mahali pa kufikika, unaichomoa pale moduli inapokaa katikati ya laini. Kwa hiyo nilikuwa nimeshapandisha hadi nyota tatu.

Halafu nikaihamishia kwenye maikrokontrola ya volti 3.3. Transiva iliyo kwenye bodi, TJA1050, yaani chipu inayosukuma na kupokea ishara kwenye waya za laini, inataka volti 5, na bodi ina pini moja tu ya umeme kwa transiva na MCP2515. Ukiipa 3.3, transiva haina nguvu ya kuendesha laini ipasavyo. Ukiipa 5, pini ya SO, ambayo MCP2515 hutolea data, inamrushia maikrokontrola volti 5 usoni. Inabidi ukate njia ya shaba kwa wembe, ulehemu waya wa pembeni ili transiva ipate 5 yake na MCP2515 ipate 3.3, kisha uweke rezista kwenye mstari wa RXD, unaotoka transiva kwenda MCP2515, kwa sababu huko nako transiva inarudisha volti 5. Kazi yote hiyo kwa sababu mtengenezaji wa bodi alibania pini moja! Na tangazo lile lile linasema inafaa "kwa maikrokontrola zote".

Nyota mbili zimerudi zilikotoka. Nimemwandikia muuzaji aweke hata neno "kristali 8" kwenye tangazo. Amejibu niangalie waya.