Baofeng BF-888S: redio koli za walinzi katika jengo la ghorofa Upanga

Kamati ya wakazi wa jengo letu la Upanga ilinunua redio koli aina ya Baofeng BF-888S kwa ajili ya walinzi wa getini, mhudumu wa maegesho ya chini na fundi wa pampu, na kwa kazi ya eneo moja kama hili zinastahili kabisa fedha tuliyotoa.

Redio haina skrini wala vitufe vya namba. Juu kuna kinobu cha kuwashia na kuongeza sauti na kingine cha kuchagua chaneli 16. Ubavuni kuna kitufe cha kusemea. Ukikibonyeza inarusha, ukikiachia inapokea, wala haifanyi yote mawili kwa pamoja kwa sababu pande zote hutumia masafa (frikwensi) yaleyale. Mlinzi anayeanza kusema kabla kitufe hakijazama hukatwa mwanzo wa neno, na “usifungue geti” humfikia mwenzake ikiwa “fungue geti”. Sasa kila mmoja hubonyeza, hutulia kidogo, ndipo aseme.

Muuzaji wa Kariakoo alituhakikishia kilomita 10, ahadi ambayo mnunuzi aipuuze. Mawimbi ya UHF, ambayo kwa redio hii ni megahezi 400 hadi 470, husafiri karibu katika mstari ulionyooka, hivyo kimo cha antena na vizuizi vilivyo njiani huamua umbali zaidi kuliko wati zilizoandikwa kwenye boksi. Kutoka paani tulimsikia vizuri mwenzetu aliyekuwa karibu na Daraja la Selander. Huyohuyo aliposhuka maegesho ya chini, nyuma ya lifti, zege na nondo vilimnyamazisha akiwa ndani ya jengo letu.

Hunadiwa pia “msimbo wa faragha”. Huo huzuia tu spika yako isitoe sauti za kundi jingine. Mwenye redio ya masafa hayo bado anakusikia, kwa hiyo habari za nani kasafiri zisisemwe hewani.

Betri humaliza zamu ya usiku bila taabu. Gharama iliyojificha ni kibali: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inamtaka mtumiaji wa masafa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kisha masafa aliyopewa huingizwa kwenye redio kwa kompyuta na waya maalumu. Anayepanga bajeti aanze na leseni, na amuulize muuzaji kama waya huo anao.