Gemu za stori za kununua kwenye simu: kabla ya kulipa, uliza ukipigiwa simu inakuwaje

Tangu niandike kuhusu gemu za kupotezea muda kwenye foleni, malalamiko yanayoingia ni ya aina moja. Dada, stori tamu kweli, ila nikipokea simu nikirudi imeanza upya. Kuna kaka wa Mbagala anasema mazungumzo ya mwanzo wa sura ya pili ameshayakariri kama sala, maana kila akikaribia kujua nani muuaji, mke wake anapiga kuuliza amefika wapi. Anapokea, anajibu, anarudi, anakuta skrini nyeusi na nembo ya kampuni inazunguka.

Kwa hiyo leo picha, sauti na nyota ngapi watu wamezipa nawaachia mkasome wenyewe Play Store. Mimi napanga gemu hizi kwa swali moja ambalo hakuna muuzaji anayeliandika kwenye tangazo lake: ukikatizwa katikati ya maneno, gemu inakurudisha wapi?

Dar tunakatizwa sana. Simu inaita, meseji ya makato inaingia, umeme unakata na chaji iko asilimia nne, mtu wa siti ya dirishani anashuka na wewe uko njiani mwake. Juu ya hayo, simu nyingi tunazotembea nazo zina RAM, yaani memori ya kuendeshea programu, ya GB 2, 3 au 4. Android ikiona memori imebana, inaifunga programu uliyoiacha nyuma bila kukuaga. Unafungua WhatsApp usikilize voisi ya dakika moja, huku nyuma gemu imeshauawa. Kwenye gemu ya mpira unapoteza mechi moja, basi. Kwenye gemu ya stori unapoteza ulichomwambia mtu, na ukirudia hujibu tena kwa moyo ule ule, kwa sababu tayari unajua atakavyosema.

Gemu hizi ziko za namna mbili. Nyingine zinasevu kila unapochagua jibu. Nyingine zina vituo, yaani zinasevu ukimaliza tukio au ukihama eneo, na kilichotokea kati ya kituo na kituo ni mali ya bahati. Tangazo halikwambii hii ni ya namna gani. Lazima uijaribu mwenyewe, na bahati nzuri Google wameacha mlango: ukinunua gemu Play Store, ndani ya saa mbili unaweza kubonyeza kitufe cha kurudishiwa hela na zikarudi bila kujieleza kwa mtu. Hizo saa mbili usizitumie kufurahia stori. Nunua ukiwa kwenye Wi-Fi, cheza mpaka mtu aanze kuongea, kisha mwambie mdogo wako akupigie. Ongea naye. Piga picha moja, fungua WhatsApp, halafu nenda kwenye orodha ya programu zilizo wazi uifute gemu kabisa. Ifungue tena. Kama umerudi kwenye sentensi ile ile au jirani yake, hapo umenunua. Kama umerudi mwanzo wa sura, rudisha hela. Angalia tu kwamba gemu nzito inaweza kumaliza nusu ya saa zako mbili bado inashuka.

Sasa niseme wazi napenda nani, msije mkasema nimelipwa. Napenda kampuni moja ndogo ya Uingereza, ya pale Cambridge, inaitwa inkle. Jon Ingold na Joseph Humfrey waliianzisha mwaka 2011. Wanaandika gemu za kusoma, maneno mengi na picha chache, na kwa simu zetu hiyo ni nusu ya ushindi.

Nafasi ya kwanza ni yao: 80 Days, ya mwaka 2014. Ni safari ya kuzunguka dunia kwa siku 80 ya kwenye kitabu cha Jules Verne, ila humchezi tajiri Phileas Fogg. Wewe ni Passepartout, mtumishi wake. Unapanga mizigo, unahesabu hela, unaangalia afya ya bosi, na hela zikiisha unakwenda benki ambako zitachukua siku kadhaa kufika huku siku zako 80 zinayoyoma. Aliyewahi kusubiri muamala uliokwama ataelewa haraka sana. Mwandishi wake mkuu, Meg Jayanth, ameigeuza dunia ya 1872: kuna mashine zinazotembea, kuna vyombo vinavyopaa, na watu ambao vitabu vya zama zile viliwafanya wapagazi wana akili, siasa na utani wao. Jarida la TIME liliipa nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya gemu za mwaka ule.

Kwa swali langu, hakuna iliyonifurahisha kuliko hii. Maneno hayakimbii. Yanakusubiri hapo mpaka uguse jibu, hata ukikaa nusu saa unasuluhisha ugomvi wa watoto. Nimeifuta kwenye orodha ya programu katikati ya maongezi, nimeifungua, safari iko palepale. Haihitaji intaneti kuichezea. Ubaya wake ni kwamba ulichochagua umechagua, hakuna kurudi nyuma. Ukimpandisha bosi chombo kibovu, mnakufa njaa wote. Mimi hilo nalipenda, wengine litawaudhi.

Wale litakaowaudhi waende nafasi ya pili, ambayo pia ni ya inkle (niliwaambia): Sorcery!. Iko kwa sehemu nne, ya kwanza ilitoka 2013 na ya mwisho 2016, imetokana na vitabu vya Steve Jackson vya miaka ya themanini. Unatumwa kulirudisha taji lililoibwa na mchawi mkuu wa Mampang, na uchawi wako unaupiga kwa kupanga herufi tatu tatu angani. Raha yake iko kwenye ramani. Kila ulipopita panabaki alama, na ukitaka kurudi nyuma unagusa alama hiyo, stori inaanzia hapo. Umefikiri kwamba umekatizwa vibaya na simu ya bosi? Gusa, rudi. Jibu la swali langu limejengwa ndani ya gemu yenyewe. Imeshika nafasi ya pili kwa sababu moja tu: kila sehemu inauzwa peke yake, na ukishaanza ya kwanza huwezi kuiacha ya pili.

Ya tatu inaitwa Bury me, my Love, ya mwaka 2017, kutoka Ufaransa. Skrini nzima inafanana na WhatsApp. Nour ametoka Homs, Syria, anakimbilia Ulaya, na wewe ni Majd, mumewe, umebaki nyumbani na simu mkononi. Anakuuliza apande basi au aendelee na watu aliowakuta njiani, apite mpaka upi, amwamini nani. Unamjibu. Anatuma picha ya njiani, anatuma emoji, kisha anaondoka hewani kwa saa nzima na wewe huna la kufanya. Waliitengeneza baada ya kusoma habari ya mwanamke wa Syria kwenye gazeti la Le Monde, na ina miisho 19, mingine sitaki hata kuikumbuka. Kuhusu kukatizwa, hapa kukatizwa ndiyo gemu yenyewe. Meseji zote zinabaki, unapandisha juu unasoma upya alichosema jana, kama ambavyo sote hufanya tukigombana na mtu. Ila iacheni iwatumie taarifa kwenye simu, ukizifunga umeiua.

Ya nne ni Florence, ya mwaka 2018, kazi ya Ken Wong na wenzake wa Melbourne. Binti wa miaka 25, kazi inayomchosha, mama anayempigia kila asubuhi, kisha mwanamume anayepiga cello. Karibu hakuna maneno, unaelewa kwa vidole: mkianza kuzoeana, vipande vya sentensi unavyopanga vinapungua kidogo kidogo, na mkianza kugombana vinakuwa na ncha kali. Sura zake ni fupi mno, kwa hiyo hata ukirudishwa mwanzo wa sura hujapoteza kitu. Tatizo ni kwamba yote inaisha kwa muda wa kutoka Kimara hadi Kivukoni kukiwa na foleni ya kawaida. Wapo watakaoona wameibiwa. Mimi sikuona hivyo.

Life is Strange naiweka ya tano kwa shingo upande. Stori yake ni nzuri, Max anagundua anaweza kurudisha muda nyuma, na kwa mtu anayekatizwa hovyo hicho ni kipaji cha maana kuliko kupaa. Umekosea jibu, unarudisha muda. Lakini ina vituo, ina sehemu tano, ni nzito, na simu ya RAM ndogo itaifunga ukiitupia jicho tu meseji ya benki. Mwenye simu ya maana, inunue.

Sasa The Walking Dead ya Telltale, ambayo kila mtu ananiuliza kwa nini siitaji. Ni ya mwaka 2012, inamhusu Lee na mtoto Clementine, na sitabishana na yeyote kuhusu ubora wa stori. Nagomba na saa yake. Unaulizwa jambo, majibu manne yanatokea, na chini yake kuna mstari unaofupika. Hapo hapo konda anachezesha sarafu karibu na sikio lako, "Dada nauli, tusicheleweshane." Unaingiza mkono kwenye pochi, unatafuta hela, unasubiri chenji ambayo hataki kuirudisha. Ukiinamia simu, muda umeisha, Lee amekaa kimya, na kwa gemu ile kukaa kimya ni jibu kamili. Kuna mtu ameshakuona huna msimamo, na ataendelea kukuona hivyo mbele ya safari, kisa chenji. Oxenfree nayo ina tabia hiyo hiyo: majibu yanaelea juu ya kichwa cha Alex, unayemcheza, yanafifia, yanapotea. Hizi ni gemu za chumbani, mlango umefungwa, simu kwenye chaja. Isitoshe Telltale yenyewe ilifunga milango 2018, jina likafufuliwa na watu wengine mwaka uliofuata.

GTA San Andreas najua mtaitaja. CJ karudi nyumbani kumzika mama yake, ndiyo, ni stori, na toleo la simu lina vituo ndani ya misheni, tofauti na lile tulilochezea kwa jirani. Inunueni Play Store basi, msikajaziwe kwenye memori kadi.

Za bei ndogo: Reigns, wewe ni mfalme, unatelezesha karata kushoto au kulia, haijali ukiiacha. Lifeline ya 2015, Taylor ameanguka na chombo cha angani na anakuuliza kama alale karibu na kinu cha nyuklia apate joto. Zote mbili sawa. Za bure za funguo na almasi, zile za kuchagua bwana wa kumbusu, hapana. Jibu la busara ni bure, jibu tamu ni almasi, na almasi ni hela.

Tukija kwenye malipo, hapa ndipo damu inachemka. Gemu ya dola 5 hivi ni zaidi ya shilingi 12,000 kabla hujaanza kukatwa. Unatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye pesa za simu, unaweka hela, kuna makato. Dola inabadilishwa kwa bei ambayo hakuna duka la fedha mjini lingethubutu kuibandika ukutani. Halafu kuna VAT. Weka ziada kwenye kadi, maana ikipungua hata shilingi mia muamala unakataliwa na unaanza upya, na hapo hakuna cha kusevu.

Wauzaji wa kadi za zawadi za Google, zile za kulipia Play Store, huko Instagram ndio wamenichosha zaidi. Bango lina picha ya kadi, moto na mshale, bei haipo. Ukiuliza unaambiwa "njoo inbox dia". Kwani bei ni siri ya ndoa? Dada mmoja wa Tabata amenitumia maongezi yake na mmoja wao. Aliuziwa kadi ya Marekani, akaunti yake ni ya Tanzania, ikakataa. Muuzaji akamjibu, "Dia hiyo ni original kabisa, labda simu yako." Kadi hizo hufanya kazi kwenye nchi zilikotoka tu. Simu yake haina tatizo lolote, na muuzaji anajua, kwa sababu baada ya hapo alimblock. Ukilazimika kununua, uliza kadi ni ya nchi gani kabla ya kuuliza bei, na ulipe ukishaona salio limeingia. Akikataa, nenda zako.

Na mama aliyeniuliza kuhusu kijana wake wa darasa la sita: zote hizi ni za Kiingereza, kwa hiyo kama anasoma kwa shida Sorcery! itamchosha mapema, tena ina mapanga na vifo. Mwanzishie Reigns, inamnyima sentensi ndefu. Ana wafalme wengi wa kuua kabla ya mtihani, lakini kila mmoja anakufa haraka na unaweza kumnyang'anya simu wakati wowote.