Mini ya 1275: HS2 mbili au HIF44 moja?

Ukishaifungulia ekzosi Mini ya injini ya cc 1275 (moshi utoke kwa urahisi) yenye kabureta moja ya HS4, ya kampuni ya SU, injini huanza kudai hewa zaidi. Hapo wenye Mini hugawanyika: wengine hufunga kabureta mbili ndogo za SU HS2, kama za Cooper S (Mini ya kasi) ya 1964, wengine SU HIF44 moja kubwa, ile ya gari la MG Metro la miaka ya 1980.

Wengi huamini mbili lazima zishinde moja. Haya, tupige hesabu. Tundu la hewa la HS2 lina kipenyo cha inchi 1¼, kwa hiyo mbili zina eneo la karibu milimita mraba 1,583. HIF44 ni inchi 1¾: karibu 1,552. Tofauti ni asilimia 2 tu!

Kinachozitenganisha hasa ni tyuning. HS2 mbili lazima zivute sawasawa. Unalegeza kiungo kinachoziunganisha, unatega sikio kwa kipande cha bomba la mpira kwenye mdomo wa kila moja, unageuza skrubu mpaka mivumo ilingane, ndipo uguse jeti, kitundu kinachopitisha petroli. Shafti ya kipepeo (kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) ikiwa imechakaa, hewa hupenya pembeni na kazi yote ni bure. HIF44 ina jeti moja na sindano moja ya kupima petroli ndani yake, na floti yake, boya linalodhibiti kiwango cha petroli, imeizunguka jeti, hivyo petroli haiyumbi sana kwenye kona.

Kwa gari la kila siku ningefunga HIF44, pamoja na sindano inayolingana na injini. Cooper S halisi? Hiyo iachie mbili zake. Siku ukiiuza, mnunuzi atafungua boneti kwanza kuona kama ni za asili.