Masta silinda ya breki ya mbele: nimezipanga kwa kitundu ambacho hakuna anayekiangalia

Masta silinda ni ile pampu kwenye mpini wa pikipiki inayosukuma mafuta ya breki ukivuta leva. Iliyonifanya niandike haya ilikuwa ya rangi ya dhahabu, imechongwa kwa CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) hadi nyayo za kisu zinaonekana ubavuni kama njia za kitana kwenye nywele zenye mafuta. Siku nilipofungua boksi niliita watu waje kuiona. Miezi minne baadaye nimesimama kwenye taa, kidole kimoja juu ya leva, naiona leva inateremka yenyewe, taratibu, mpaka ikagusa mpini.

Nikatoa upepo kwenye mafuta ya breki. Nikatoa tena. Nikatoa mara nne. Kalipa inayobana pedi kavu, hozi kavu, mafuta kwenye kopo hayajapungua hata tone. Nikiikamata leva kwa nguvu inasimama kama jiwe, nikiigusa kwa upole inazama. Shikeni dalili hiyo, maana kila fundi niliyemweleza alisema ni upepo, na haikuwa upepo. Upepo hufanya leva iwe laini kama sifongo tangu mwanzo. Sili, ule mpira wa pistoni unaozuia mafuta yasirudi nyuma, ikichanika hufanya kinyume: presha kubwa huubana mdomo wake ukutani na kuziba, presha ndogo haina nguvu ya kuubana, basi mafuta yanarudi nyuma kimyakimya.

Nikaivuta pistoni nje. Mdomo wa sili ya mbele ulikuwa na vichane vitatu, vyote mahali pamoja, upande wa juu, kama ukingo wa karatasi ulioonjwa na panya. Na juu yake, kwenye ukuta wa silinda, sambamba kabisa na vichane vile, kulikuwa na kitundu.

Masta silinda za pikipiki kwa kawaida zinacho. Ni kitundu chembamba, chini ya milimita moja, kinachounganisha kopo la mafuta na chumba kilicho mbele ya pistoni. Ukiachia leva, kinakuwa wazi ili mafuta yaliyopata moto na kutanuka yapate pa kupumulia. Ukivuta leva, jambo la kwanza kabisa ni mdomo wa sili kupita juu yake na kukifunga, ndipo presha inaanza kujengeka. Yaani kwa kila breki unayoshika, mpira laini unaburuzwa juu ya ukingo wa tundu la chuma.

Sasa fikiria tundu hilo linavyotobolewa. Keekee inaingia kutoka upande wa kopo na kutokea ndani ya silinda, na keekee yoyote inapotokea upande wa pili huacha vijino vya chuma kwenye ukingo. Vijino vinaelekea ndani, palepale sili inapopita. Kiwanda chenye adabu kinatoboa kwanza, kisha kinapitisha jiwe la kusugulia au rola ya kulainisha ndani ya silinda, kisha kinausafisha ukingo kwa brashi ndogo. Kiwanda chenye haraka kinamaliza silinda, kinatoboa, kinapaka rangi, kinafunga boksi. Kwa nje zote mbili zinang'aa.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi, wala kama leva inakunjika ukianguka, wala uzito. Hayo mtayasoma kila mahali. Kuhusu kipenyo cha pistoni nitasema kwa ufupi kwa sababu watu wanaumia: namba kama 19x18 maana yake pistoni ya milimita 19, na milimita 18 kutoka kwenye ekseli ya leva hadi pale leva inaposukuma pistoni. Pistoni ya 19 inasukuma mafuta zaidi ya ile ya 16 kwa takriban asilimia 41, na kwa nguvu ileile ya kidole presha yake inapungua kwa takriban asilimia 29. Pikipiki ya disiki moja mbele ukiifunga 19 unapata leva ngumu kama ukuta na breki isiyoshika. 19 ni ya disiki mbili na kalipa zenye pistoni nyingi. Basi.

Namba moja kwangu ni Brembo RCS19, na sijifichi, nina upendeleo. Nimefungua tatu kwa mikono yangu, ya kwangu na mbili za marafiki, na zote tatu ukingo wa kitundu ulikuwa laini kiasi kwamba unakitafuta kwa tochi ndipo ukione. Ina skrubu unayoizungusha kuchagua kati ya 18 na 20, kwa hiyo unabadilisha hisia ya leva bila kununua kitu kingine. Ipo pia RCS15 kwa wenye disiki moja. Hamtapenda bei, na mimi sikuipenda. Lakini inaigwa sana, na za kuigiza zinafanana nayo hadi maandishi. Brembo wenyewe wameweka kwenye boksi kadi ya kukwaruza yenye namba ya kuhakiki kwenye tovuti yao. Muuzaji akikwambia "kadi ilipotea njiani", mwache naye apotee njiani.

Ya pili ni Nissin ya radial, yaani pistoni yake inasukumwa kuelekea uleule leva inakovutwa. Haina sura. Mwili wake ni wa kusubu, ile ngozi ya kalibu bado ipo kwa nje, na wapenda CNC wanaipita bila kugeuza shingo. Ndani ni kioo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kusubu, kufua na kuchonga kutoka kipande kizima ni habari ya mwili. Breki inafanya kazi kwenye ukuta wa silinda, na ukuta huo lazima ukerezwe na kusuguliwa hata mwili uwe umetengenezwaje. Kama pikipiki yako ilitoka kiwandani na Nissin, huenda huhitaji kununua chochote. Nunua seti ya sili na pistoni, safisha silinda, funga, toa upepo. Ushauri huu haunipi urafiki na wauzaji.

Magura HC3 ya Ujerumani naiweka ya tatu. Nayo unaweza kurekebisha uwiano wa leva, na kazi yao ya mikono haina shaka.

Halafu zipo zile za wachongaji halisi, watu kama Beringer wa Ufaransa na ISR wa Sweden, wanaoanza na kipande kizima cha alumini na kujua wanachokifanya. Ukiwa na uwezo, chukua. Nimeziweka chini ya Magura kwa sababu moja tu: sili za akiba unazisubiri, na masta bila sili ya akiba ni pambo.

Za bei poa? Usinunue.

Najua mtanunua. Basi kabla ya kuifunga, fanyeni hivi. Toa kopo, toa klipu, vuta pistoni. Chukua kijiti cha pamba, kilowanishe kwa mafuta ya breki masafi, kipitishe taratibu kwenye dari ya silinda, nenda na kurudi. Kikitoka kizima, funga. Kikitoka na uzi umebaki nyuma, umenaswa kwenye kitundu unapepea kama kitambaa kwenye senyenge, usiifunge kwenye pikipiki yako. Na msijaribu kukisugua kwa msasa; ukuta umepakwa tabaka gumu, ukilikwangua umemaliza kazi ya kuua silinda.

Leva za CNC fupi zinazouzwa peke yake zina dhambi inayofanana. Kile kisukumio kinachogusa pistoni kikichongwa kirefu kwa nusu milimita tu, pistoni hairudi hadi mwisho, kitundu kinabaki kimefungwa. Mafuta yanapata moto, yanatanuka, hayana pa kwenda, pedi zinaanza kubana zenyewe ukiwa unaendesha. Leva ikishafungwa lazima uisikie ikicheza kidogo kabla ya kugusa pistoni. Isipocheza, itoe.

Kilichoniudhi zaidi ya sili ni mazungumzo yaliyofuata. Nilimpelekea muuzaji picha: kitundu, vijino, sili iliyong'atwa. Akajibu kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Nikamuuliza, sasa ndani yake ningepaonaje bila kuifungua? Kimya cha siku mbili. Siku ya tatu akatuma picha ya ileile kwa rangi nyekundu, akaniuliza kama hiyo ningeipenda.